Mpango mkakati wa taasisi ya viwango huanzia kabatini

Mara tatu nimekaa kwenye meza iliyoandika mpango mkakati wa taasisi ya viwango: mara mbili nikiwa katibu wa kamati ya nafaka, na mara ya tatu nimeshastaafu, nimeitwa kusaidia. Kwa taaluma mimi ni mkemia. Kabla ya ukatibu nilikuwa maabara, nikisaga mahindi na kupima sumukuvu, na hata leo nikisikia neno "mkakati" akili yangu hukimbilia kwanza kwenye gunia na chombo cha kuchukulia sampuli.

Mara mbili za mwanzo tulifanya kama wengi wanavyofanya. Tulikodi ukumbi wa hoteli kwa siku tano, tukabandika karatasi kubwa ukutani, na siku mbili nzima zikaishia kwenye maneno ya dira. Ilipofika siku ya tano tukajaza majedwali kwa haraka. Mara ya tatu niliomba tuanzie kwenye kabati la viwango, na wenzangu wakakubali. Haya ninayoeleza yanatoka hasa kwenye hiyo mara ya tatu.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Taasisi ya viwango haizalishi saruji wala unga. Inazalisha makubaliano, na wanaoyatengeneza si waajiriwa wake. Ni mhandisi wa kiwanda, mwalimu wa chuo, ofisa wa wizara, mfanyabiashara, watu ambao kila mmoja ana kazi yake na anakuazima saa chache kwa mwaka. Kwa hiyo mpango mkakati ni uamuzi wa namna ya kutumia saa za kuazima. Ukiliona hivyo, mambo mengi yanajipanga yenyewe.

Fungua kabati

Toa orodha ya viwango vyote vilivyo hai, uiweke kwenye jedwali moja. Safu za namba, jina na mwaka kila mtu anazo. Ongeza hizi nne: mara ya mwisho kiwango kupitiwa, nakala zilizochukuliwa miaka mitatu iliyopita, kanuni ya serikali inayokitaja kama ipo, na maabara iliyo karibu yenye uwezo wa kupima kinachodaiwa humo. Safu ya mwisho ndiyo inayouma. Sisi ilituchukua wiki tatu kuijaza, kwa sababu ilibidi tupige simu maabara moja baada ya nyingine na kuuliza, "Kipimo hiki mnakifanya, au mnacho kwenye karatasi tu?"

ISO, shirika la kimataifa la viwango, hupitia kila kiwango chake angalau kila baada ya miaka 5, na maamuzi yanayowezekana ni matatu: kibaki, kirekebishwe, au kifutwe. Chukua maamuzi hayohayo na penseli tatu za rangi, pita jedwali zima. Usikubali rangi ya nne ya "tutaangalia baadaye". Huko ndiko viwango hulala miaka 15.

Tulikuta kiwango kinachomwelekeza msomaji kwenye mbinu ya upimaji iliyomo katika kiwango kingine, na hicho kingine kilikuwa kimefutwa zamani. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda aliyekuwa mwaminifu, anayefuata kila mstari, alikuwa anatumwa kwenye mlango uliofungwa. Jambo kama hilo hulioni kwenye ukumbi wa hoteli. Unaliona ukipitia faili, moja baada ya jingine.

Hesabu saa za kuazima

Hapa tulia, kwa sababu mipango mingi huvunjika hapa na watu wanadhani imevunjika kwa ukosefu wa fedha.

Chukua kamati moja. Ya kwangu ilikuwa na wajumbe 12 na viwango 20 mikononi mwake. Kwa uhalisia iliweza kukutana siku 6 kwa mwaka. Zaidi ya hapo waajiri wao walianza kunung'unika. Kupitia kiwango kimoja kwa uangalifu kulitula siku 1. Kuandika kiwango chetu wenyewe, tangu ukurasa mweupe hadi rasimu iliyokubalika, kulitula siku 5 za vikao, bila kuhesabu kazi ya katibu usiku.

Sasa piga hesabu. Viwango 20 vikipitiwa kila baada ya miaka 5 ni viwango 4 kwa mwaka, yaani siku 4. Zinabaki siku 2. Kiwango kipya kinahitaji siku 5. Kwa hiyo kamati hiyo, ikitimiza wajibu wake wote na bila dharura yoyote, hutoa kiwango kipya kimoja kila baada ya miaka miwili na nusu. Katika mpango wa miaka mitano ni viwango viwili.

Nilipoandika hesabu hii ubaoni kikao kilinyamaza. Rasimu ya malengo iliyokuwa mezani ilitaka viwango vipya 9 kutoka kamati hiyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila kimoja kati ya hivyo 9 kiliombwa na mtu mwenye shida ya kweli. Lakini siku hazikuwepo.

Fanya hesabu hii kwa kila kamati, ukae na mwenyekiti wake, si kwa kukisia ofisini. Utagundua kamati mbili au tatu zimekufa kimyakimya: mwenyekiti alihama, mjumbe mmoja ndiye anayejibu barua. Ziandike kwa majina yake kwenye mpango, na uamue kuzifufua au kuziunganisha na nyingine. Usidhani unaweza kufidia kwa kuharakisha vikao. Muafaka katika kazi ya viwango haimaanishi wote waseme ndiyo. Maana yake ni kwamba hakuna mdau muhimu aliyebaki na pingamizi zito lisilosikilizwa. Kulisikiliza pingamizi kunataka muda, na muda huo haununuliwi kwa kuongeza posho. ISO yenyewe, pamoja na wataalamu wake wa dunia nzima, inazipa kamati zake njia za miezi 18, 24 au 36 kumaliza kiwango kimoja.

Nenda kwa anayekitumia

Kabla ya kuandika lengo lolote, waandishi wa mpango watoke. Nasisitiza waandishi wenyewe, wasitume dodoso. Sisi tulikwenda soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinasema unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, aina ya B1 isizidi 5. Namba hizi nilizijua kama jina langu. Kijana mmoja mnunuzi alichukua punje kutoka kwenye gunia, akaing'ata, akasikiliza mlio. "Hii bado, shangazi," akaniambia. Nikamuuliza kama hana kipimo kingine. Akasema mama yake hutumia chumvi.

Njia ya chumvi ni ya zamani na ni nzuri. Unatia chumvi kavu na nafaka kwenye chupa kavu ya kioo, unatikisa vizuri, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka ina unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Isipoganda, iko chini ya hapo. Tazama sasa: kiwango kinadai 13.5, na chombo alichonacho mtumiaji kinamwambia habari za 15. Kati ya namba hizo mbili kuna nafasi ambayo mkulima anaamini mahindi yake ni makavu, maabara inasema hayajakauka, na kuvu wanaendelea kuota ghalani.

Nafasi hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa kwenye mpango wetu, na haikuwepo. Tulikuwa tumeandika "kuhuisha kiwango cha mahindi", kana kwamba shida iko kwenye maandishi. Baada ya Kibaigwa lengo liligawanyika vipande vitatu: mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kukausha na kupima sokoni, makubaliano na wenye maabara kuhusu wapi vipimo vya unyevu vihakikiwe, na utaratibu wa sampuli.

Sampuli inastahili maneno zaidi, maana hata wataalamu huipita haraka. Sumukuvu haitapakai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi, na zilizobaki zikawa safi kabisa. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia unaweza kupata jibu zuri au baya bila kujua ukweli wa shehena nzima. Kosa kubwa zaidi la kipimo huanzia kwenye uchotaji, kabla sampuli haijafika kwa mkemia. Kiwango kinachotaja mikrogramu 10 bila kumfundisha mtu namna ya kuchota ni nusu ya kazi, hata kama kimeandikwa vizuri namna gani.

Na si jambo la vitabuni. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kati ya wagonjwa 68 walioripotiwa. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikaruhusu tena kwa masharti, likiwemo la shehena kuwa na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu. Nchi zote tatu zilikuwa na EAS 2 ileile. Andiko halikupungua neno. Ukipanga mkakati wa viwango, jiulize mara kwa mara: baada ya kuchapisha, nani atachota, nani atapima, na nani ng'ambo ya mpaka ataamini karatasi hiyo?

Kila kamati ichague soko lake la kwenda. Ya umeme iende kwa fundi anayefunga nyaya kwenye nyumba za vyumba viwili. Ya saruji iende kwa wafyatua matofali. Siku mbili zinatosha.

Amua kipi mwandike na kipi mchukue

Ukishajua siku ulizonazo na shida iliyoko sokoni, ndipo unapanga kipaumbele. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu vikwazo vya kiufundi, katika kiambatisho chake cha tatu, unataka taasisi ya viwango ianzie kwenye kiwango cha kimataifa pale kinapokuwepo, isipokuwa kama hakifai kwa sababu kama vile hali ya hewa, jiografia au teknolojia. Mimi naipenda kanuni hii kwa sababu ya hesabu ya siku kuliko kwa sababu ya biashara. Kuchukua kiwango cha kimataifa kama kilivyo kunakula sehemu ndogo ya siku 5 za kuandika chako. Siku unazookoa zipeleke kwenye vitu ambavyo dunia haitakuandikia.

Kuna foleni nyingine ambayo huwezi kuikwepa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji inazitaka nchi wanachama, kiwango cha Jumuiya kikishatangazwa, kukipokea ndani ya miezi 6 bila kubadilisha andiko, na kuondoa cha kitaifa chenye mada hiyohiyo. Huwezi kujua mwaka wa tatu wa mpango wako Jumuiya itatangaza vingapi. Ushauri wangu ni kuacha robo ya siku za kila kamati bila kazi yoyote iliyoandikwa. Wakubwa watakuuliza kwa nini kuna nafasi tupu. Waonyeshe sheria hiyo.

Kwenye kamati za kimataifa chagua chache. Ndani ya ISO unaweza kuwa mshiriki mwenye wajibu wa kupiga kura na kuchangia, au mtazamaji anayepokea nyaraka tu. Nchi nyingi zetu hujaza fomu za ushiriki kwenye kamati lukuki, kisha kura zinapita bila neno, na mshiriki anayekaa kimya mno huteremshwa kuwa mtazamaji. Afadhali kamati tano unazochangia kwa maandishi kuliko hamsini za kuhesabia. Mfano wa kuigwa uko jirani: KEBS, taasisi ya viwango ya Kenya, iliungana na ANSI, mwenzake wa Marekani, kuendesha ukatibu wa ISO/TC 285, kamati ya majiko na upishi safi. Hilo ni jambo linalogusa kila jiko la mkaa la ukanda huu, na walilifuata hadi kwenye meza inayoandika, badala ya kusubiri andiko lifike.

Halafu tazama viti. Kwa kila kazi iliyopewa kipaumbele andika nani lazima awepo ili makubaliano yawe na maana. Kamati yangu ya nafaka ilikaa miaka mingi bila mkulima hata mmoja mwenye shamba lake. Tulikuwa na wasagishaji, wanunuzi na wanasayansi, wote wakimsemea. Tulipompata mama mmoja kutoka Kiteto, swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini rasimu inaletwa kwa Kiingereza. Tuliitafsiri. Gharama ya tafsiri ikaingia kwenye bajeti ya mpango kama mstari wake, nayo naona ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote tulizotumia.

Malengo yanayopimika bila kudanganya

Usifanye idadi ya viwango vilivyochapishwa kuwa kipimo kikuu. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo lengo hilo lilikuwa la kwanza, na kamati zikaanza kugawa kiwango kimoja kuwa sehemu nne ili namba ifike. Walifanya walichoombwa. Watumiaji wakalazimika kununua vitabu vinne.

Vipimo ninavyoviamini ni hivi: siku zinazopita tangu ombi kupokelewa hadi kiwango kuchapishwa, idadi ya viwango vilivyopita miaka 5 bila kupitiwa, ambayo inapaswa kushuka kila mwaka, kura za kimataifa zilizoambatana na maoni yetu ya kiufundi, na kwa kila kiwango cha kipaumbele, ushahidi kwamba kuna mtu anakitumia, iwe kanuni iliyokitaja, zabuni iliyokidai au maabara iliyoanza kupima. Hicho cha mwisho ni kigumu kukusanya. Mpe mtu mmoja kazi hiyo tu.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Taasisi nyingi huuza viwango, na mauzo huingia kwenye bajeti. IETF, inayoandika itifaki za intaneti, hutoa maandiko yake bure kwa yeyote, na Codex, inayoandika viwango vya kimataifa vya chakula, vilevile. Hatuwezi wote kufanya hivyo. Lakini kiwango ambacho sheria inamlazimisha mtu kukifuata, mtu huyo aweze kukisoma bila kulipa. Weka gharama hiyo wazi kwenye mpango na uiombee fedha.

Dira na dhima viandike sasa, mchana mmoja, baada ya yote haya. Ukitaka mfano wa dhima fupi, IETF mwaka 2004 iliandika yake kwenye hati yao iitwayo RFC 3935: lengo lao ni kuifanya intaneti ifanye kazi vizuri zaidi. Mtu yeyote anaweza kuchukua kazi iliyo mezani na kuuliza kama inatimiza hilo au hapana.

Funga mpango kwenye kalenda

Mpango usiogusa kalenda ya kamati ni kitabu cha rafu. Kiambatisho kilekile cha tatu cha mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kinataka programu ya kazi itangazwe angalau mara moja kila miezi 6, na rasimu ipewe angalau siku 60 za maoni ya umma. Tumia mapigo hayo. Kila miezi 6, kabla ya kutangaza programu, kaa na makatibu wote mpitie mpango: kipi kimeongezwa, na kwa ajili yake kipi kimeondolewa. Kila kinachoingia kitaje kinachotoka. Hapa Tanzania mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo kikao kikubwa kifanyike Novemba, kabla bajeti haijaanza kusukwa. Ukikifanya Mei umechelewa.

Bodi ikishatia saini imebaki kazi moja, ambayo sijawahi kuiona kwenye mwongozo wowote. Chukua orodha ya maombi ambayo mpango umeyaacha, upige simu kwa kila aliyeomba. Usiandike barua. Mweleze hesabu ya siku, mwambie kazi zipi zimetangulia yake na kwa nini, na mpe tarehe ya kupitia orodha upya. Mimi nilipiga simu 7. Wa mwisho alikuwa mzee anayetengeneza mizinga ya nyuki, aliyekuwa ameomba kiwango cha mizinga miaka miwili kabla. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ngoja nitafute kalamu, mwanangu," nikamsomea tarehe.